Maumivu ya mgongo yanakula faida ya mkulima

Mkulima wa Mbinga anapopiga hesabu ya msimu huandika mbolea, dawa ya mibuni, magunia na usafiri. Mgongo wake hauandiki.

Anayezijua ngoro za Wamatengo anaijua kazi yenyewe. Wanaume hukata nyasi na kuzipanga miraba kwenye mteremko mkali, kisha wanawake huchimba na kuzifukia kwa udongo, wameinama siku nzima. Ukishuka ziwani, Mbamba Bay hadi Liuli, kuna wavuvi wanaovuta nyavu za usipa na akina mama wanaoupandisha mlimani kwa ndoo kichwani. Madereva wa malori ya makaa ya mawe ya Ngaka nao hawasaliki.

Tuchukulie mtu amelala siku 20 wakati wa palizi, akaweka kibarua wa Sh7,000 kwa siku. Hizo ni Sh140,000, kabla ya nauli na matibabu. Wengi hawafiki hata hospitali. Hununua diklofenaki duka la dawa mwezi hata mwezi, na wapo wanaoishia kupata vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo huku goti likiuma vile vile.

Wenye uwezo husafiri hadi Peramiho, wengine hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI). Anayehitaji upasuaji hana budi kwenda. Lakini maumivu mengi ya mgongo hayahitaji kisu wala eksirei. Hupungua ndani ya wiki sita kwa mazoezi sahihi na kazi nyepesi. Kumpeleka mgonjwa wa aina hiyo Dar es Salaam ni kuuza kahawa ili kununua tiketi ya basi.

Tunashauri mtaalamu wa tiba ya viungo (fiziotherapia) amfuate mkulima kijijini. Uingereza mgonjwa anaweza kumwona mtaalamu huyo kwenye kliniki ya jirani kabla ya daktari. Humwinamisha, humtembeza, humuuliza anabeba nini na kwa namna gani, kisha huamua: huyu mazoezi, yule eksirei. Mwenye ganzi mapajani na asiyeweza kuzuia mkojo aende hospitali siku hiyo hiyo. Anayekonda na kupata homa za usiku apimwe kifua kikuu, kwani nacho hushambulia uti wa mgongo.

Tutaambiwa wataalamu ni wachache. Ni kweli, ingawa KCMC Moshi inawafundisha kwa miaka mingi. Basi halmashauri za Mbinga na Nyasa, zinazokusanya ushuru wa mazao kwa mkulima huyu huyu, zichangie mmoja azunguke vyama vya msingi mara moja kwa mwezi. Chumba kwenye ghala, kitanda na pikipiki vinatosha kuanzia. Na kanuni za Bima ya Afya kwa Wote, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 2023, ziruhusu huduma hiyo kulipwa hata ikitolewa ghalani. Kazi ianze kabla ya mavuno ya kahawa katikati ya mwaka, magunia yakiwa bado hayajapanda mabegani.