"NILIKWENDA KUTAZAMA TU"

Je, mtazamaji hana fungu lake katika mchezo?



Miongoni mwa maneno wanayoyatumia watu wa zama zetu kujivua lawama, hakuna lililo jepesi ulimini kuliko hili: "Mimi sikucheza, nilikwenda kutazama tu." Hulisema kijana aliyekesha ngomani, hulisema mzee aliyewekewa kiti cha mbele, na siku hizi hulisema hata msomi aliyelipa kiingilio katika kumbi za miji mikubwa. Makala haya yana kusudi moja, nalo ni kuonyesha kwamba neno hilo halina mguu wa kusimamia, si kwa akili wala kwa dini.

Sababu ya kuandika ni hii. Jioni moja hapa Kurui, baada ya sala ya Isha, mpwa wangu aliyekuja likizo kutoka Dubai alituonyesha barazani, katika simu yake, picha za onyesho alilokwenda kulitazama huko: wanaume kwa wanawake waliovaa viatu vyenye wembe wa chuma chini yake, wakiteleza na kucheza dansi juu ya sakafu ya barafu, muziki ukipigwa na taa za rangi zikiwamulika. Wazee wengine waliguna, wengine walistaajabu kuona mtu akiruka, akizunguka hewani, kisha akitua kwa mguu mmoja juu ya wembe. Nami, kama ilivyo ada yangu, nikaanza kumpa mawaidha. Akanijibu kwa adabu: "Mjomba, mimi sikucheza, nilikwenda kutazama tu. Na kiingilio nililipa kwa jasho langu."

Kabla sijamjibu, bibi mmoja, kungwi mashuhuri wa hapa kijijini, alisema kutoka upande wa uani: "Mwache mtoto wa watu. Mwaka jana alipotolewa mwali pale kwa jirani, si wewe uliyembandika noti kwenye paji la uso yule binti mchezaji?"

Baraza zima likanyamaza. Bibi yule hakusema uongo. Noti ile niliitoa, tena kwa mkono wa kulia, nikijiambia kwamba naichangia shughuli ya jirani. Basi msomaji asidhani kwamba mwandishi wa haya amesimama kilimani akiwarushia mawe walio bondeni. Nimeketi miongoni mwao.

ONYESHO HILO NI KITU GANI?

Uadilifu wataka tulieleze jambo kabla ya kulihukumu. Kuteleza juu ya barafu kulianzia katika nchi za baridi, ambako mito na maziwa huganda wakati wa kipupwe. Mwaka 1876 palifunguliwa mjini London uwanja ambao barafu yake iligandishwa kwa mitambo, kwa kupitisha maji maji yaliyopozwa ndani ya mabomba chini ya sakafu, na tangu hapo mchezo huo haukuhitaji tena kungoja majira. Ndiyo maana leo unaweza kuchezwa jangwani Uarabuni, na ndiyo maana mwaka 2005 palifunguliwa uwanja wa barafu hata mjini Nairobi, katika hoteli ya Panari.

Yatupasa kukiri kwamba ustadi wa watu hao ni wa kweli. Haupatikani ila kwa miaka mingi ya mazoezi, kuanguka na kuinuka. Laiti sisi tungeamka kwa ajili ya Alfajiri kama wao wanavyoamka kwa ajili ya mazoezi, misikiti yetu isingekuwa na safu tupu. Wala hatusemi kwamba barafu ni haramu, au kwamba kuruka na kuteleza ni dhambi.

Lakini kuna mashindano, na kuna onyesho. Katika mashindano wapo waamuzi na kanuni. Katika onyesho la wachezaji wa kulipwa, mwamuzi ni mwenye tikiti. Bibi Sonja Henie wa Norway alishinda medali ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1928, 1932 na 1936, kisha katika mwaka huo wa 1936 akaacha mashindano, akaingia katika maonyesho ya kulipwa na filamu huko Marekani, akawa tajiri mkubwa. Ni nani aliyempa utajiri huo? Ni watu waliokwenda "kutazama tu".

MTAZAMAJI NDIYE ATUNGAYE KANUNI

Tazameni jinsi jicho la mtazamaji linavyogeuka kuwa sheria. Mwaka 1988, baada ya vazi la Bibi Katarina Witt wa Ujerumani Mashariki kuzua maneno mengi, wakuu wa mchezo huo duniani waliweka kanuni ya kuwataka wanawake wavae sketi yenye kufunika nyonga na makalio. Hao si masheikh wala mapadri, lakini waliona kwamba vazi limegeuka biashara nyingine ndani ya mchezo. Kanuni hiyo ikaondolewa mwaka 2004.

Kisha mwaka 2012 binti Mwislamu kutoka Abu Dhabi, Zahra Lari, alishindana nchini Italia akiwa amejifunika nywele zake. Alikatwa alama kwa sababu ya kitambaa kile! Miguu iliyoonekana haikuwa kosa tena. Kichwa kilichofunikwa ndicho kilichohesabiwa kosa. Hatuingii hapa katika suala la iwapo ilimpasa kucheza mbele ya wanaume. Hilo lina mahali pake. Tunachokitaja ni kwamba binti yule hakuvua kitambaa chake. Alikwenda na watu wa nchi yake wakazungumza na wakuu wa mchezo, na adhabu ile ikaachwa. Mtu mmoja aliyesimama imara aliweza kuigeuza desturi ya dunia. Sisi tunaolipa kiingilio kwa maelfu tutasema kwamba hatuna uwezo wowote?

TURUDI NYUMBANI

Msomaji wa Kurui, Mzenga au Maneromango atasema: "Barafu iko mbali nasi." Naam, barafu iko mbali, lakini kiti cha mtazamaji kipo uani kwetu.

Katika desturi ya wazee wetu Wazaramo, ngoma ilikuwa ya wenyewe. Mdundiko ulichezwa watu wakitembea, na aliyeufuata alikuwa mmoja wa wachezaji. Mafunzo ya mwali yalikuwa ya wanawake, ndani, na mwanamume hakuwa na la kutazama humo. Hatusemi kwamba kila lililokuwamo katika mila hizo liliafikiana na sheria ya Mwenyezi Mungu. Twasema tu kwamba haya ilikuwa na ukuta wake, na ukuta ule ulijulikana na kila mtu.

Kisha ikaingia fedha. Katika miaka ya 1980 na 1990 vikundi vya utamaduni vya Dar es Salaam, kama vile Muungano, na TOT iliyoanzishwa na Chama cha Mapinduzi mwaka 1992, vilishindana kuwavuta watu walipao kiingilio ili kutazama ngoma, maigizo na sarakasi. Humo mlikuwa na ustadi pia, na baadhi ya michezo hiyo haikuwa na ubaya. Lakini watu wakajifunza jambo jipya, kwamba ngoma huuzwa, na kwamba anayetoa zaidi huonyeshwa zaidi. Kutokana na somo hilo tumefikia vigodoro, ambavyo havihitaji maelezo yangu, kwa kuwa kila asomaye hapa amevisikia usiku hata kama hakuviona. Viongozi wa serikali wamevikemea mara nyingi, navyo havikomi. Vitakomaje na kila msimu wa korosho mifuko ya watazamaji hufunguka upya?

Namfahamu binti mmoja, na simtaji, aliyeacha shule akafuata kikundi cha kukodiwa. Alikuwa akipewa noti mbele ya macho yetu, chini ya turubai, na baba za watu wakishangilia. Aliporudi kwao na mimba, kijiji kizima kilimgeukia. Mawaidha yakatolewa kuhusu mabinti wasiokuwa na haya. Hakuna aliyeuliza noti zile zilitoka mifukoni mwa nani. Na baadhi ya waliokuwa safu ya mbele msikitini siku ile ya mawaidha ndio waliokuwa safu ya mbele ngomani usiku ule. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Ndugu zangu, fungueni Sura An-Nur. Amri ya kuinamisha macho imeelekezwa kwanza kwa wanaume waumini, katika aya ya 30, ndipo ikafuata aya ya 31 inayowahusu wanawake. Mwenyezi Mungu ameanza na jicho litazamalo. Sisi katika mimbari zetu tumeipindua taratibu hiyo, tukaanza na mwili utazamwao, na mara nyingi tukaishia hapo hapo.

HOJA ZAO NA MAJIBU YAKE

Husema: "Mtume Mtukufu (s.a.w.) aliwaachia Wahabeshi wacheze msikitini, na Bibi Aisha (r.a.) akatazama." Ni kweli, na habari hiyo imepokewa katika Bukhari na Muslim. Tunaifurahia, kwani inawanyamazisha wale wanaodhani kwamba dini ni kununa. Lakini itazameni vizuri. Ilikuwa siku ya Idi. Wachezaji walikuwa wanaume wakicheza kwa silaha zao, mchezo wenye kuwafunza watu ushujaa. Hapakuwa na vazi la kuamsha matamanio, wala mchezaji aliyebandikwa fedha. Mume alikuwa pamoja na mkewe, akimsitiri kwa shuka yake hadi yeye mwenyewe alipotosheka. Anayeishika hadithi hii kama hoja, na aishike yote. Mchezo wowote utakaopita katika mizani hiyo, uwe wa barafuni au wa mchangani, sisi hatuna ugomvi nao.

Husema: "Fedha ni jasho langu." Jasho ni lako, lakini mali ni amana. Sura Al-Maida, aya ya 2, imetuamuru tusaidiane katika wema na uchaji, na imetukataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Je, msaada ni nini kama si fedha? Fundi hajengi kama hakuna atoaye ujira, na kikundi hakiji Kurui kama hakuna wa kukilipa.

Husema: "Mcheza ana dhambi yake, mimi nina macho tu." Na wasome Sura An-Nisa, aya ya 140. Humo waumini wamekatazwa kuketi pamoja na watu wanaozifanyia dhihaka aya za Mwenyezi Mungu, na wameonywa kwamba wakiketi nao watakuwa kama wao. Aya hiyo yahusu dhihaka, nasi hatuwatuhumu wacheza ngoma kwa ukafiri. Lakini yatufunza msingi mkubwa: kuketi ni kitendo, na mwenye kuketi huingizwa katika hesabu ya baraza aliloketi.

Na wapo wasemao: "Ni burudani ya saa moja, haimpunguzii mtu imani." Tuwakumbushe kisa kilichodokezwa mwishoni mwa Sura Al-Jumu'a. Mtume Mtukufu (s.a.w.) alikuwa amesimama akitoa hotuba, msafara wa biashara ukaingia Madina, watu wakaukimbilia wakamwacha amesimama, na imepokewa kwamba walibaki watu 12 tu. Ikiwa hao waliokuwa wakiuona uso wake walivutwa namna ile kwa saa moja, sisi tumejiaminije?

TUFANYE NINI?

Kwanza, mawaidha yetu yaanze na watazamaji. Imamu asimtaje mcheza ngoma mimbarini mpaka awe amemtaja mlipaji.

Pili, mwenye shughuli asikodi kikundi ambacho asingependa binti yake acheze ndani yake. Kipimo hiki hakihitaji elimu kubwa. Mtoto wa mwenzio naye ana baba.

Tatu, mafunzo ya mwali yarudi ndani, mikononi mwa wanawake waadilifu, yasafishwe yasiyofaa, na yabakie yale ya usafi, ya utu na ya kujilinda.

Nne, tuwape vijana furaha ya halali. Kijiji kisicho na uwanja wa mpira, wala mbio, wala mashindano ya kusoma Kurani Tukufu, kisishangae vijana wake wakifuata sauti ya ngoma hadi kijiji cha tatu.

Mpwa wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Hakusema kwamba nimemshinda. Aliuliza tu: "Na noti ile, mjomba, utaifanyaje?" Ni swali la haki, nami nililitafakari usiku kucha. Kesho yake nilikwenda kwa wazazi wa binti yule niliyemtaja, nikawaomba radhi, nikawaambia kwamba mtoto atakayezaliwa, nikijaaliwa uhai, nitamnunulia sare na madaftari ya shule. Jambo hilo halifuti yaliyopita. Msamaha uko kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini sitasema tena kwamba nilikuwa natazama tu.

Mwenyezi Mungu ayainamishe macho yetu, aisafishe mifuko yetu, na awasitiri mabinti wetu na wa wenzetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.