Mafuriko ya Januari huwashwa Septemba

"Moto haudhuru ardhi, mvua ikinyesha majani yataota." Kauli hiyo utaisikia mkoani Dodoma, kutoka Mpwapwa na Chamwino hadi Kondoa, na wanaoisema si wajinga. Majani huota kweli. Tatizo ni zile wiki za kabla hayajaota.

Dodoma hupata milimita 550 hadi 600 hivi za mvua kwa mwaka, msimu mmoja tu, na sehemu kubwa huja na radi: saa moja ya kishindo, kisha jua. Mvua za kwanza za Novemba au Desemba hukuta mlima uliochomwa Septemba ungali mweusi, hauna hata jani kavu la kupokea matone. Matone yanaponda udongo, chembe laini zinaziba vitundu vyake, juu linafanyika gamba gumu. Maji yanakosa pa kuingia, yanateremka.

Haya si maneno ya wanaharakati. Miaka ya 1930, pale pale Mpwapwa, watafiti walipima maji yanayotiririka kwenye vipande vya ardhi vya mteremko. Penye udongo mtupu, karibu nusu ya mvua yote iliondoka. Penye nyasi ziliondoka asilimia 2, na kwenye kichaka kisichochungiwa mifugo haikufika hata asilimia 1. Mvua ni ile ile! Anayesema mafuriko ni wingi wa mvua tu, atufafanulie hesabu hiyo.

Moto hauko peke yake, nakubali. Mifugo mingi na mkaa navyo huivua ardhi. Hata moto wenyewe unatofautiana. Wa Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, huacha mashina ya kushika udongo. Lakini huu wa Oktoba, uliowashwa kusafisha shamba au kurina asali ukaachwa upande mlima, unamfaa nani? Aliyeko juu anapata malisho mabichi, aliyeko bondeni anapata mchanga shambani.

Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko yalibomoa Reli ya Kati, baina ya Gulwe na Kilosa, treni zikasimama kwa miezi. Sisemi ni moto uliong'oa reli ile. Nasema mjadala wetu uliishia kwenye tuta na madaraja, milima inayotuma maji haikupewa uzito. Serikali za vijiji zikutane Mei: anayetaka kuchoma apangiwe siku yake Juni, na kuanzia Agosti anayewasha kiberiti porini atozwe faini, awe mkulima, mfugaji au mwenyekiti mwenyewe.