Kama "Mimi" Sipo, Nani Atatubu?



Ndugu zangu katika imani, kuna maneno yanazunguka kwenye simu zenu, yana sauti ya upole na picha ya bahari nyuma yake. Yanasema: huyo unayemwita "mimi" hayupo. Hakuna anayetenda. Mambo yanatokea tu yenyewe. Acha kujilaumu, utapata utulivu. Vijana wetu wanayasambaza wakidhani ni elimu mpya ya afya ya akili, na wengine wanaandika chini yake "Subhanallah". Subhanallah ya nini, ndugu yangu? Umekijua ulichokipokea?

Maneno haya yana kwao. Kwao ni India, kwenye madhehebu ya falsafa ya Kihindu iitwayo Advaita, yaani "pasipo uwili". Mwalimu wake mkubwa ni Shankara, mtu wa Kerala, anayewekwa kwenye karne ya 8. Alifundisha kwamba kilichopo kwa hakika ni kimoja tu, Brahman, na kwamba roho iliyo ndani yako ndiyo hiyo Brahman yenyewe. Huu wingi wa watu na vitu tunaouona ni maya. Mfano wao mashuhuri ni wa kamba gizani. Umeiona ukadhani nyoka, ukaruka, moyo ukakwenda mbio. Ikaletwa taa: nyoka hakuna, wala hakuwahi kuwepo. Basi wewe na jina lako na matendo yako ndiye huyo nyoka.

Tuwe waadilifu, maana Muislamu hamjibu mtu kwa kumzulia. Al-Biruni alijifunza Kisanskriti, na mnamo mwaka 1030 akaandika kitabu kikubwa juu ya itikadi za watu wa India, akieleza kauli zao kama wenyewe wanavyozieleza. Basi nasi tuseme kweli: si kila Mhindu anaamini haya, na Wahindu wengi wanamwabudu mungu wao wakijua wazi kwamba wao si yeye. Na Shankara hakuwaambia watu waibe. Alisema kuna ngazi mbili za ukweli: ya kawaida, ambamo wajibu na malipo ya matendo vinafanya kazi, na ya juu, ambamo vyote hivyo vinayeyuka.

Lakini tazama ngazi hiyo ya juu ilipowafikisha watu. Mjini Mumbai alikuwepo Ramesh Balsekar, aliyefariki mwaka 2009. Alisoma London, akapanda hadi uongozi wa juu wa Bank of India, na baada ya kustaafu akawa mwalimu wa Advaita, wageni kutoka Ulaya na Marekani wakimfuata nyumbani kwake. Somo lake lilikuwa hilo hilo: matendo yanatendeka, mtendaji hakuna, kwa hiyo weka chini majuto, weka chini lawama.

Mtu wa benki! Hebu jiulize, mkopaji angeingia ofisini kwake akasema, "Mzee, kukopa kulitokea, lakini mkopaji hayupo," angeandikiwa nini? Benki ina jina, sahihi na tarehe. Kwenye fedha "mimi" yupo. Kwenye dhambi ndipo anapotoweka.

Najua jibu lao. Watasema mwizi ataadhibiwa vilevile, kwa sababu kuadhibiwa nako ni jambo linalotokea. Vizuri. Basi mnamwadhibu asiyetenda, na hiyo ndiyo dhulma yenyewe. Na aliyeibiwa naye, kwa kauli yenu, ni nyoka wa kwenye kamba. Machozi yake ni ya nani?

Swali zito zaidi waliulizwa na Wahindu wenzao. Ramanuja, mwanazuoni wao wa karne ya 11 na 12, aliuliza: huo ujinga unaozaa maya ni wa nani? Ukisema ni wa Brahman, umeitia ujinga hakika yenu ya juu kabisa. Ukisema ni wa mtu, mtu mwenyewe mmesema amezaliwa na huo ujinga. Vipi awe mwenye nao kabla hajakuwepo? Wafuasi wa Shankara wameandika mengi kulijibu hili, na sijaona jibu linalosimama. Nyoka hadanganyiki. Anayedanganyika ni mtu aliyesimama pale na macho yake.

Kuna Waislamu watakaosema, "Sheikh, mbona hii ni ile fanaa ya masufi?" Hapana. Junayd wa Baghdad, bwana wa njia hiyo, alieleza tauhidi kuwa ni kumpambanua wa milele na kilichozuka. Kupambanua! Hakusema kuchanganya.

Sasa njoo kwetu, kwa sababu ugonjwa huu tuliwahi kuuguza nyumbani. Jahm bin Safwan, aliyeuawa mwaka 128 Hijria, alidai mja hana tendo, anaambiwa "ametenda" kama tunavyosema mti umetikisika. Maulamaa wakamkataa. Na kabla yake washirikina walishatoa udhuru huo: kwamba lau Allah angetaka wasingeshirikisha. Soma Suratul-An'am, aya ya 148, uone walivyojibiwa: wakaulizwa kama wana elimu yoyote, wakaambiwa wanafuata dhana tu.

Soma pia mwisho wa Suratut-Takwir. Aya mbili zinafuatana: moja inathibitisha kwamba mja anataka, inayofuata inaweka kutaka kwake chini ya kutaka kwa Allah. Ahlu Sunna wamezishika zote mbili. Allah ni Muumba wa mja na wa tendo lake, na mja analichuma tendo hilo kwa utashi wake. Umar bin Khattab (radhiyallahu anhu) alipogeuza msafara kwa ajili ya tauni ya Sham, Abu Ubayda alimuuliza kama anaikimbia qadar ya Allah. Akajibu kwamba ndiyo, anatoka kwenye qadar ya Allah kwenda kwenye qadar ya Allah. Angekuwa mtu wa "mambo yanatokea tu", asingegeuza ngamia.

Na Mtume (swalla Allahu alayhi wa sallam) ametueleza muflisi wa umma wake: anakuja Kiyama na swala, funga na zaka, lakini alimtukana huyu, akala mali ya yule, akampiga mwingine, mema yake yanagawiwa wadai mmoja mmoja. Hapo kila mdai ana uso wake, na mdaiwa ni mmoja, hana wa kumsingizia.

Kijana mmoja aliniandikia inbox kwamba alikula pesa za upatu wa kina mama mtaani kwao, akakosa usingizi miezi, kisha akaanza kusikiliza hizi video na sasa moyo umetulia. Nilimuuliza: na wale kina mama, wametulia? Hajajibu. Toba yake ina sharti la kurudisha haki ya watu, na namba zao anazo kwenye simu ile ile anayotazamia video.

Wallahu a'lam.