Siri za Wengi, Mzigo wa Wachache

Faragha ni stara. Nguo husitiri mwili na ukuta husitiri nyumba. Katika zama za intaneti, programu za kompyuta husitiri barua, fedha na maradhi ya watu. Nyingi katika programu hizo ni huria, yaani maandishi yaliyoziunda yako wazi kwa kila atakaye kuyasoma, kuyatumia na kuyarekebisha bila ya malipo. Lakini mara nyingi stara hiyo ya mamilioni hutunzwa na mtu mmoja au wawili wasio na ujira. Wanaofaidika nayo huita jambo hilo ukarimu. Jina lake la haki ni dhuluma.

Mwaka 1997 Mjerumani Werner Koch alianza kuunda GnuPG, programu igeuzayo barua kuwa fumbo lisilofunguka ila kwa ufunguo wa mpokeaji. Waandishi wa habari na watetezi wa haki waliitegemea duniani kote. Hata hivyo, ulimwengu haukujua mpaka mwaka 2015 kuwa mtunzaji wake alikuwa karibu kushindwa kwa uhaba wa fedha. Hapo michango ikamiminika. Shukrani iliyongoja aibu ndipo itoke si shukrani kamili.

OpenSSL, inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti, ilikuwa ikipata michango ya kama dola 2,000 tu kwa mwaka. Aprili 2014 ikatangazwa kasoro iliyoitwa Heartbleed. Kwa miaka miwili ilikuwa imekaa humo, ikimwezesha mwovu kuchota siri kutoka katika kumbukumbu za seva. Wapo wanaosema kuwa maandishi yaliyo wazi hulindwa na macho ya wengi. Kitabu kufunuliwa si kusomwa. Kila mmoja alidhani mwenzake anatazama, na hakuna aliyetazama.

Machi 2024 likafunuliwa jambo baya zaidi. Programu ya xz, ipunguzayo ukubwa wa mafaili, ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja aliyechoka, huku wengine wakimlaumu kwa kukawia. Mtu asiyejulikana alimsaidia kazi kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, akapewa mamlaka, kisha akaficha ndani yake mlango wa siri. Andres Freund aliugundua kwa sababu ya kuingia katika kompyuta kulikokawia kwa kama nusu sekunde tu.

Baada ya hapo, wengine walitaka kila mtunzaji ajulishe jina lake la kweli. Dawa hiyo ni mbaya kuliko ugonjwa. Ni kumvua nguo fundi anayewashonea wengine. Mlaghai mwenye subira ya miaka miwili hashindwi kughushi cheti. Atakayeumia ni mwema anayeishi chini ya utawala unaochukia siri za raia. Kilichofungua mlango wa xz si kukosekana kwa jina, bali upweke wa mtu mmoja chini ya mzigo wa wengi.

Dawa ni kuugawa mzigo. Mwaka 2022 serikali ya Ujerumani ilianzisha mfuko wa kulipia utunzaji wa programu huria; basi jambo hili lawezekana. Makampuni yapatayo faida kutokana na programu hizi hayana udhuru. Wala vyuo vikuu havina. Chuo kinachohesabu makala ya mwanachuoni kuwa elimu, na kudharau saa alizotumia kuziba ufa katika programu inayolinda siri za taifa zima, hakijajua thamani ya elimu.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni hawa wamekula kwa zaidi ya miaka ishirini. Jembe liko mlangoni, na mwenyeji amechoka.