Mazungumzo ya Nyumbani: Nitoke Kazini au Ningoje?



Jumapili iliyopita, watu walipokuwa wakitawanyika mbele ya kanisa, baba mmoja alinivuta kando chini ya mwembe. Ni baba wa mwanafunzi wangu, mtu wa heshima, fundi wa mashini, mwenye miaka 22 katika kampani moja tu. Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akasema: «Mwalimu, unisahihishie Kifaransa changu.» Nikaisoma. Ilikuwa barua ya kuacha kazi tangu kesho yake.

Nikamwuliza: «Mama wa watoto ameiona?» Akanyamaza.

Amenipa ruhusa niandike habari hii pasipo jina lake, maana ajua kwamba si yeye peke yake katika parokia yetu.

Kampani yake inafifia mwaka kwa mwaka. Mashini nyingi zimesimama, na vyuma vya moja hufunguliwa ili kuponya nyingine. Mshahara wa miezi tisa haujalipwa. Leo hupewa kidogo, kesho hupewa ahadi. Nyumba alalamo ni ya kampani. Shemeji yake anamwita wafanye pamoja biashara ya samaki wa Kasenga. Mkewe ana shamba dogo na meza ya unga sokoni, naye kwa kweli ndiye anayeweka bukari mezani, ingawa nyumbani mwao hakuna alitamkaye neno hilo.

Nikamwuliza kwa nini hakutoka mapema. Akajibu: «Nikitoka, nani atanilipa miezi tisa?» Tazameni jambo hili, wasomaji. Mshahara alioupokea haumfungi; aliyonyimwa ndiyo yamfungayo. Kila mwezi usiolipwa huongeza kamba, na mdaiwa hana haja ya kumshika mtu aliyejishika mwenyewe.

Sisi watu wa Katanga tumekwisha kuona jambo hili kwa ukubwa wake. Wazee wanakumbuka jinsi Gécamines ilivyokuwa baba na mama: mshahara, posho ya unga, hospitali, shule ya watoto, hata nyumba. Mwaka 1986 ilitoa tani zaidi ya 470,000 za shaba. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka, vyuma vya kazi vilikuwa vimechakaa pasipo kubadilishwa, kisha zikaja fujo za miaka ile. Na mwaka 1994 shaba ilikuwa imeshuka hata karibu tani 30,000. Lakini watu hawakutoka. Wangetokaje? Mtoto hamkimbii baba yake kwa sababu baba ni mgonjwa.

Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi wenye miaka mingi waliombwa kutoka kwa hiari yao na kupewa fedha mara moja. Walitoka zaidi ya 10,000. Ile «hiari» yataka kupimwa, kwa maana mtu aliyekaa miezi mingi bila mshahara hukubali karibu hesabu yo yote iwekwayo mbele yake. Wengi walilipa madeni kwanza, na kilichobaki kikaingia katika gari kuukuu au duka dogo. Miaka mingi baadaye wako waliokuwa bado wakidai kwamba hawakuhesabiwa sawasawa.

Baba yangu mzazi hakuwa mtu wa kampani hiyo, na yake sitaitaja. Naye alingoja, kisha akapokea fungu lake siku moja, akanunua basi dogo la mkono wa pili. Lilikwenda miezi minane. Nalikuwa kijana mdogo, na nakumbuka jinsi alivyokuwa akilipangusa vumbi kila asubuhi, hata lilipokwisha kufa. Jambo ninalomlaumu, Mungu aniwie radhi, si kutoka wala si kungoja. Ni kwamba mama alikuwa muuzaji sokoni tangu ujana wake, alijua bei na alijua watu, wala hakuulizwa neno lo lote.

Basi nalimwambia rafiki yangu maneno ya sheria kwanza, maana hasira haijui kuhesabu. Kwa Sheria ya Kazi ya mwaka 2002, kampani ikimwachisha mtu humpa taarifa ya siku 14 za kazi, na tena siku 7 kwa kila mwaka mzima wa utumishi. Mfanyakazi akitoka mwenyewe, taarifa yake ni nusu ya hiyo. Kwake ni siku 84, wala si «tangu kesho». Tena dai la mshahara halikai milele: kwa kawaida mwaka mmoja ukipita tangu siku uliyopaswa kulipwa, mlango waweza kufungwa. Miezi tisa yake imeukaribia mlango huo. Kwa hiyo kuvumilia kimya, jambo tulilozoea kulisifu, hapa kwaweza kumpotezea haki. Aombe hesabu ya deni iliyoandikwa na kutiwa sahihi. Amwone Mkaguzi wa Kazi kabla ya kupeleka barua yo yote. Aende pia CNSS, ile iliyoitwa zamani INSS, aulize kama makato ya malipo ya uzeeni yaliwekwa kweli. Wengine wamekuta miaka mizima ni mitupu.

Habari ya samaki sikuisifu. Shemeji ana maneno mengi na hana friji. Lakini fundi ajuaye kutengeneza mota ya kinu cha unga, katika mtaa wenye vinu vingi, hana haja ya kujifunza samaki akiwa na miaka 47.

Akaniuliza waziwazi: «Wewe ungetoka?» Nikasema: ningetoka, lakini kwa barua nyingine, na baada ya kukaa na mke wangu usiku mmoja tukihesabu kodi ya nyumba. Mashini zile hazitafufuka. Hakunishukuru. Nadhani alitaka niseme kinyume.

Siku ya Alhamisi mkewe alifika shuleni kwa habari ya fedha za muhula. Alipokwisha, akasimama mlangoni, akasema: «Mwalimu, jana amenionyesha karatasi.» Akaongeza kwamba amekwisha kuona chumba cha kupanga karibu na soko, vyumba viwili kwa kweli, na nyuma yake kibanda chenye mlango wa chuma, pahali pa kuwekea vyombo vya fundi. Alikuwa amekiona tangu mwezi wa Februari.