Acheni Kuwaua Mama Zetu Ukurasa wa Mwisho

Waandishi chipukizi wenzangu, nimechoka kusoma hadithi ile ile. Mwanamke anagundua uvimbe kwenye titi, anaficha, mume anaoa mwingine, mama wa watu anakata roho akigaagaa kwa maumivu, mwanawe amemshika mkono. Mwisho. Na kama mwandishi ana roho mbaya zaidi, ugonjwa unakuwa adhabu ya umalaya wa ujana. Tukiulizwa tunajibu ati ndiyo hali halisi.

Hali halisi ya wapi? Hebu tusemezane.

Kuna kitu hakimo katika hadithi hizo: dawa ya maumivu. Mgonjwa wetu wa kubuni anapewa uji, dua na machozi. Mofini haionekani, na ikionekana siku moja moja, inaletwa na daktari mwenye uso wa huzuni usiku ule wa mwisho, kama sanda. Msomaji anajifunza nini? Kwamba ukiona mofini, umekwisha.

Mnadhani hadithi haziumizi mtu? Mtaani kwetu hapa Mpanda kuna mama aliyerudi kutoka hospitali ya mbali na chupa ya dawa ya maji. Kansa ya titi ilikuwa imeingia kwenye mifupa ya mgongo, lakini matibabu yalikuwa yanaendelea na tarehe ya kurudi alipewa. Shemeji yake akaisoma ile karatasi, akatamka mbele ya watu: "Shemeji, hii ni ya kufia." Chupa ikafichwa nyuma ya mtungi. Siku ya safari ilipofika, mama hakuweza kukaa hata kwenye bodaboda hadi stendi, sembuse basi la Tabora. Akakosa dripu yake. Nauli ilikuwepo, jamani! Kilichomshinda ni maumivu, na dawa yake ilikuwa humo humo ndani. Huyo shemeji hajasomea udaktari. Elimu yake ya mofini aliipata kwenye filamu na hadithi kama zetu.

Mimi nimeishia kidato cha nne, lakini haya si siri. Shirika la Afya Duniani liliiweka mofini kwenye orodha ya dawa muhimu tangu mwaka 1977. Mwaka 1986 likatoa mwongozo wa maumivu ya kansa: dawa inywewe kwa mdomo, kwa saa, bila kungoja mtu apige kelele. Mtu mzima ambaye hajaizoea kwa kawaida huanza na kidogo, miligramu 2.5 hadi 5 kila baada ya saa nne. Kwa ile ya maji iliyo nyepesi, hiyo ni nusu kijiko cha chai au kijiko kimoja. Anayepandisha dozi ni mhudumu wa afya, siyo shemeji. Siku za mwanzo kuna usingizi na kichefuchefu, kisha hupungua. Choo kigumu hakipungui, kwa hiyo dawa ya kulainisha iandamane nayo. Na hutolewa pamoja na kemo, mionzi au vidonge vya homoni, ili mtu alale usiku, ale ugali wake, apande basi.

Nasikia mtu ananong'ona: si ndiyo ule unga unaowamaliza vijana? Heroini hutengenezwa kutokana na mofini, kweli. Lakini kijiko kilichopimwa na kuandikwa kwa jina lako siyo kete ya uchochoroni. Mwili huizoea, ndiyo maana haiachwi ghafla, hupunguzwa. Kuzoea huko siyo uteja.

Wengine watasema tiba hii ya kutuliza, wanayoiita tiba shufaa, ni anasa ya Wazungu. Nendeni Uganda. Hospice Africa Uganda, aliyoianzisha daktari Anne Merriman mwaka 1993, ilikoroga unga wa mofini na maji, ikapeleka dawa majumbani. Mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika. Kwetu, Ocean Road imewapa wagonjwa wake mofini ya maji kwa miaka mingi. Na huko Boston, Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulifuata wagonjwa 151 wa kansa ya mapafu iliyosambaa. Nusu ya waliopata tiba shufaa mapema, pamoja na matibabu ya kansa, waliishi zaidi ya miezi 11.6, kwa wenzao ni 8.9. Mapafu si matiti, najua, na tiba shufaa ni zaidi ya mofini. Lakini hiyo "ya kufia" iko wapi hapo?

Wakubwa nao wasijifiche nyuma ya kelele zangu. Katavi ni mkoa tangu 2012. Mionzi tuifuate Bugando au Dar, sawa, mashine ni ghali. Chupa ya mofini haina sababu ya kufuatwa huko. Iwe karibu, na muuguzi awaite ndugu awaeleze, maana wanaoficha chupa ni ndugu.

Katika riwaya yangu, sura ya nne, mama anakunywa nusu kijiko alfajiri, anajifunga khanga, anakwenda stendi na kugombana na kondakta juu ya chenji. Rafiki yangu aliyeisoma anasema haina msisimko, huyo mama afe. Nimekataa.