BWANA SHAMBA ANASEMA: Sululu Hakula Mpunga

Ndugu msomaji,

Mwezi huu sitazungumza juu ya mbolea wala mbegu. Nitazungumza juu ya ndege. Usicheke. Habari hii inahusu chakula chako na afya ya watoto wako.

Ninyi mnaokaa katika delta ya Rufiji mnawajua ndege hawa. Maji yakipwa, tope hubaki wazi mbele ya mikoko. Ndege huteremka hapo kwa mamia. Wadogo wanaokimbia ukingoni mwa maji ni vitwitwi. Wakubwa wenye midomo mirefu iliyopinda kwa chini ni sululu. Wako pia ndege weupe wenye weusi mgongoni na mdomo mnene mweusi. Chakula chao kikubwa ni kaa.

Sasa nitawaambia kosa langu.

Nilipotoka chuoni na cheti changu, nilipangiwa kijiji kimoja cha pwani. Mimi ni mtu wa bara. Nilidhani najua kila kitu. Asubuhi moja nilikuta miche ya mpunga imekatwa. Sululu walikuwa wamejaa pembeni ya shamba. Nikawaambia wakulima, "Wezi ndio hawa."

Mkulima mmoja alinisikia. Alichanganya dawa ya wadudu na chenga za mchele. Akamwaga pembeni ya shamba lake. Kesho yake kuku wake sita walikuwa wamekufa. Sululu hata mmoja hakufa. Mtoto wake alikuwa amembeba kuku mmoja kumpeleka jikoni. Bahati njema mama yake alimwona mapema.

Mzee mmoja mvuvi alinijia. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, twende ukaone."

Tulikaa chini ya mkoko, maji yakipwa. Sululu mmoja aliingiza mdomo katika shimo. Akatoa kaa. Akamtikisa mpaka miguu ikakatika. Akammeza. Mzee akanionyesha mashimo ya kaa kando ya shamba. Miche ilikuwa imekatwa chini kabisa, karibu na mashimo hayo. Kaa ndio walioikata. Ndege niliyemwita mwizi alikuwa akimla mwizi.

Niliona haya. Nilikwenda kwa yule mkulima nikamwomba radhi. Tangu siku hiyo sisemi neno juu ya mnyama au ndege kabla ya kumtazama kwanza.

Ndege hawa wanatoka wapi?

Wengi si wenyeji. Huanza kufika mwezi wa Agosti na Septemba. Wengi huondoka mwezi wa Aprili. Yuko kitwitwi mmoja mwenye mdomo uliopinda kidogo. Uzito wake ni gramu 60 hivi, kama yai moja la kuku. Huyu huzaliana Siberia, kaskazini kabisa mwa Urusi. Kutoka huko hadi pwani yetu ni zaidi ya kilomita 9,000. Ni karibu sawa na kwenda Mwanza kutoka Dar es Salaam mara nane. Kabla ya kurudi hula sana ili apate mafuta ya safari. Tope letu ndilo ghala lake. Akikosa chakula hapa, hafiki kwao.

Yule mweupe mla kaa huzaliana katika pwani za Oman, Ghuba na Somalia. Huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja jeupe. Mtoto huja huku na wazazi. Utamwona akiwafuata na kuomba chakula, ingawa amekwisha kuwa mkubwa.

Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya dunia ya ardhi oevu muhimu, chini ya Mkataba wa Ramsar. Ndege hawa ni sababu mojawapo. Lakini tope linalowalisha ndege ndilo linalowalisha kaa na kamba tunaowavua. Ukikata mikoko ovyo, mnakosa wote.

Jinsi ya kuwatazama

Nenda wakati maji yanajaa. Maji huwasukuma ndege karibu na nchi kavu. Kaa kimya, jua likiwa mgongoni kwako. Usiwafukuze wakipumzika. Kundi likiwa kubwa, hesabu ndege kumi kwanza. Kisha tazama kundi zima lina makumi mangapi.

Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Chukua daftari. Andika tarehe, hali ya maji, aina ya ndege na idadi yao. Nchi nyingi huhesabu ndege wa maji kila mwezi wa Januari. Nanyi kijijini mnaweza kufanya hivyo. Baada ya miaka michache daftari litawaonyesha kama ndege wanaongezeka au wanapungua. Mkienda kuzungumza juu ya tope lenu katika mkutano wa kijiji, mtakuwa na ushahidi mkononi.

Mambo ya kukumbuka

1. Usimwage sumu shambani wala majini kwa kuua ndege, kaa au samaki. Sumu haichagui.

2. Ukikuta ndege amekufa, usimle. Usimshike kwa mikono mitupu. Anaweza kuwa na mafua ya ndege au sumu. Mwambie ofisa mifugo.

3. Ukiona pete yenye namba mguuni mwa ndege, andika namba hiyo na mahali ulipomwona. Ipeleke kwa ofisa wa wanyamapori.

Maswali ya kujadili katika kikundi

Ndege gani wa tope wanaonekana kijijini kwetu? Wanakuja mwezi gani? Wanakula nini? Nani amewaona kwa macho yake?

Swali la mwisho ndilo kubwa. Mimi nilijibu bila kuona, na kuku sita wa mwenzangu wakafa.

Tuonane mwezi ujao.

Ndugu yenu,
Bwana Shamba